Vifaa vya yoga: Anza na mkeka, vingine vishonwe nyumbani

Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha kuingia vijijini, mfanyabiashara mdogo wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, hutafuta bidhaa ya kuzungusha mtaji wake hadi msimu wa ufuta. Mojawapo ya bidhaa zinazoweza kufikiriwa ni vifaa vya yoga, mazoezi ya mwili na pumzi yenye asili ya India. Faida au hasara ya biashara hii hutokana na kujua kipi cha kununua na kipi cha kutengeneza.

Nambilanje yenyewe si mahali pa kulundika shehena ya bidhaa hii. Wateja wako zaidi Dar es Salaam na kwenye hoteli za ufukweni Zanzibar, kama zile za Paje na Jambiani. Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga mwaka 2014, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika 2015.

MKEKA

Hiki ndicho kifaa pekee ambacho anayeanza hawezi kukikosa. Kazi yake kubwa ni kuzuia mikono na miguu isiteleze. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kukalia na kupumzikia, lakini kwenye sakafu ya saruji huteleza, hivyo usiuzwe kwa kazi ya kusimamia. Godoro la sponji nalo halifai: huzama, mwili hukosa mizani na viganja huumia.

Mkeka wa kawaida una urefu wa sentimita 173 hadi 183, upana wa sentimita 61 na unene wa milimita 3 hadi 6. Mwembamba hubebeka kwa urahisi. Mnene hufaa wenye maumivu ya magoti. Wa plastiki ni wa bei nafuu na hudumu. Wa mpira asilia hushika vizuri zaidi, lakini ni mzito, huharibiwa na jua, na wapo watu wanaodhurika ngozi kwa mpira huo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aukunje mkeka na kuuachia aone kama unabaki na ufa, ausugue kwa kiganja chenye unyevu, kisha aunuse. Harufu kali isiyoisha hufukuza wateja. Anayenunua jora la mita 30 ajue kwamba litampa vipande 17 vya sentimita 173, au 16 vya sentimita 183. Akiyasahau mahesabu hayo, faida ya kipande kizima hupotea.

VINAVYOTENGENEZEKA HAPA

Mkanda wa kuvutia miguu huwa na urefu wa mita 1.8 hadi 2.4. Fundi cherehani anaweza kuushona kwa pamba nzito. Anayeanza anaweza kutumia kanga moja ya doti, iliyokunjwa kutoka pembe hadi pembe.

Mto mrefu wa kuegemea hushonwa kwa kitambaa cha marekani ndani na kitenge nje, ukajazwa sufi. Sufi ni nyepesi na haishiki maji haraka, ila hushika moto upesi; ihifadhiwe mbali na jiko. Foronya iwe ya kuvuliwa ili ifuliwe.

Kigogo cha kuegemeza mkono huwa na sentimita 23 kwa 15 kwa 10. Hapa wengi wanaweza kuvutiwa na mpingo, lakini kigogo cha mpingo cha kipimo hicho hufikia kama kilo 4. Cha mninga hukaribia kilo 2. Ubao mwepesi uliopigwa msasa, wenye kingo za mviringo, unatosha. Anayesafirisha mbao apate kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

TAHADHARI YA MTAJI

Nachingwea, jirani wa Ruangwa, ina somo la kununua zana kabla ya kupima. Mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulianza 1947 kwa matrekta mengi na upimaji mdogo wa udongo na mvua. Ulipofutwa 1951, pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Mwenye mtaji mdogo anashauriwa kutengeneza sampuli moja ya mkanda, mto na kigogo, kuipeleka kwa mnunuzi, na kupata oda yenye malipo ya awali kabla ya kununua jora. Nauli na gharama za kupakia ziingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Aidha, mzigo ufike sokoni kabla ya Juni, mwezi ambao watalii huanza kuongezeka Zanzibar baada ya masika. Ukichelewa, fedha za korosho zitakuwa zimelala stoo wakati ufuta unahitaji magunia.