Bakteria Wapimao Kisima: Kazi ya Likizo Moja

Mwaka 1993 ilithibitishwa nchini Bangladesh kwamba maji ya visima vilivyochimbwa ili kuwaokoa watu yalikuwa yakiwadhuru. Tangu miaka ya 1970 serikali ya nchi hiyo, ikisaidiwa na UNICEF, ilikuwa imehimiza uchimbaji wa visima vya mabomba, ili wanavijiji waache kunywa maji ya madimbwi yaletayo kuhara na kipindupindu. Watoto wengi walinusurika kwa sababu hiyo. Lakini tabaka za ardhi zilizofikiwa na mabomba hayo zilikuwa na aseniki, sumu ambayo ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Makisio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77, katika taifa la watu wapatao milioni 125, walikuwa hatarini.

Aseniki inayonywewa kidogo kidogo haiui upesi. Baada ya miaka, ngozi hutoka madoa, viganja na nyayo huota sugu, na baadaye huweza kuja saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 za aseniki. Udogo wa kipimo hicho unahitaji kutazamwa vizuri: gramu moja tu ya aseniki yatosha kuzifikisha lita 100,000 kwenye mpaka huo. Tena visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana kabisa, hata ikalazimu kila kimoja kipimwe peke yake. Njia iliyozoeleka vijijini hutumia zinki na asidi. Aseniki hugeuzwa kuwa gesi, na gesi hiyo hubadili rangi ya karatasi iliyotiwa chumvi ya zebaki. Gesi yenyewe ni sumu kali, na rangi hafifu ya viwango vidogo huwatatiza hata wasomaji wazoefu.

Tatizo hili ndilo lililochaguliwa, katika likizo ya kiangazi ya mwaka 2006, na kikundi cha wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Hawakuwa mabingwa wa aseniki. Baadhi walisomea bayolojia, wengine uhandisi, wengine elimu ya kompyuta; nao walikuwa na miezi michache tu kabla ya masomo kuanza tena.

Fursa yao ilitokana na mashindano yaitwayo iGEM. Mwanzo wake ni kozi fupi iliyofundishwa Januari 2003 katika chuo cha MIT, Marekani, ambamo wanafunzi walitakiwa kubuni seli zitakazowaka na kuzima kama taa. Kiangazi cha mwaka 2004 vyuo vitano vya Marekani vilishindana. Mwaka uliofuata timu zikawa 13, na mwaka 2006 zilizidi 30, zikitoka pande nyingi za dunia. Kila timu hubuni kiumbe chenye kazi mpya wakati wa likizo, kisha wote hukutana kueleza walichofanya. Mwanafunzi hapewi jaribio ambalo jibu lake limo katika daftari la mwalimu. Hilo ni jambo kubwa kuliko tuzo zote, kwa maana mtu aweza kumaliza shahada ya sayansi bila kukutana hata mara moja na swali ambalo mwalimu wake pia hajui jibu lake.

Je, likizo moja yatoshaje kuunda kiumbe? Siri imo katika kile waanzilishi walichokiita matofali ya kibayolojia. Kipande cha DNA chenye kazi fulani, mathalani swichi ya kuwashia jeni, huwekewa miisho ya aina moja, ili kipande chochote kiweze kuungwa na kingine, mfano wa nati na bolti za kipimo kimoja. Mwalimu aweza kuonyesha werevu wa mpango huu ubaoni bila kifaa chochote. Kimeng'enya kiitwacho XbaI hukata DNA palipoandikwa TCTAGA, na kingine, SpeI, hukata palipoandikwa ACTAGT. Vyote viwili hukata baada ya herufi ya kwanza na kuacha ncha yenye herufi CTAG. Kwa kuwa ncha zafanana, mwisho wa kipande kilichokatwa na SpeI hushikana na mwanzo wa kile kilichokatwa na XbaI, na kiungo husomeka ACTAGA. Herufi hizo hazitambuliwi na SpeI wala na XbaI. Kiungo hakikatiki tena, na tofali jingine laweza kuongezwa mbele au nyuma bila kuvunja lililokwisha kujengwa. Mwanafunzi wa kidato cha tano akiandika herufi hizi kwenye vikaratasi na kuvikata kwa mkasi, ataielewa kazi ya maabara nzima.

Wanafunzi wa Edinburgh hawakulazimika kubuni mlinzi wa aseniki. Bakteria aitwaye *Escherichia coli*, mkazi wa matumbo ya binadamu na wanyama, anaye tayari. Katika DNA yake kuna jeni za kuitoa aseniki nje ya seli, nazo hufungwa na protini iitwayo ArsR, iliyokalia swichi yake. Aseniki ikiingia hushikana na ArsR. Protini hiyo huachia swichi, jeni hufunguka, na seli hujitengenezea pampu ya kuisukuma sumu nje. Wanafunzi waliichukua swichi hiyo pamoja na mlinzi wake, wakaiunga na jeni ya kimeng'enya cha kuvunjavunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, kisha wakaitia katika bakteria ambao peke yao hawawezi kuivunja sukari hiyo. Palipo na aseniki, bakteria hawa huila laktosi na kutoa asidi. Pasipo aseniki hukaa na sukari yao wasiiguse.

Hapo ndipo uamuzi wao ulipokuwa wa busara. Vipimo vingi vya aina hii vilitoa mwanga, ambao husomwa kwa mitambo ya bei. Asidi husomwa kwa kiashiria cha rangi, mfano wa litmasi inayojulikana katika kila shule. Katika majaribio yao bakteria, baada ya kuachwa usiku kucha, waliitikia hata mikrogramu 5 katika lita, yaani nusu ya mpaka wa Shirika la Afya Duniani. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mkubwa zaidi: maji safi yangegeuka alkali kwa amonia itokayo katika urea, na maji yenye sumu nyingi yangegeuka asidi. Likizo haikutosha kwa yote hayo. Sehemu ya asidi ndiyo iliyojengwa na kupimwa, na mwaka 2007 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la kitaaluma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Watafiti wa Edinburgh na Cambridge waliliendeleza wazo hilo, wakiwa na Nepal akilini, nchi yenye visima vilivyoathirika vilevile. Lakini bakteria aliyebadilishwa jeni akitoka maabara kwenda kijijini huongozwa na sheria nyingine kabisa. Ni nani atahakikisha kwamba chupa haipasuki? Itateketezwaje baada ya kutumika? Maswali haya ni ya haki, wala hayakuwamo katika hesabu za kiangazi kile. Hadi leo wapimaji wa visima bado hutegemea kemia.

Matarajio ya mtu na mashindano haya yafaa yawe ya kiasi. Timu nyingi hurudi na tofali lililokataa kufanya kazi, na vimeng'enya, ada na nauli hugharimu fedha ambazo vyuo vingi havina. Timu za Afrika zimekuwa chache mno. Hata hivyo tatizo lenyewe haliko mbali nasi. Uchunguzi katika maeneo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, Geita ikiwamo, umekuta baadhi ya vyanzo vya maji vikiwa na aseniki kupita mikrogramu 10 katika lita.

Tofali la Edinburgh halikupotea. Liliwekwa katika ghala la matofali kwa jina J33201, nalo limekuwa likichukuliwa na wanafunzi wa timu nyingine, katika likizo zao, kulipima upya na kuliunga na rangi nyingine.