Nani Atahesabu Panya Mradi Ukifungwa?

Ukisimama kwenye jabali la Irente, wilayani Lushoto, siku isiyo na ukungu, unaiona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge, kisha nyika isiyo na mwisho. Nyuma yako ni milima iliyolimwa hadi kwenye miteremko mikali. Huku juu ndiko tauni ilikozuka mwaka 1980, na hadi 2004 wilaya hii ilikuwa imepata wagonjwa zaidi ya 7,000. Eneo la Shume liliumia sana. Kijiji kimoja kilizika watu, cha jirani kikasalimika.

Kwa nini huku na si kule? Dawa ya tauni ipo, na swali hilo halimtibu mgonjwa aliyekwisha kulazwa. Katika ombi la fedha halina wanufaika wa kuhesabika wala matokeo ya miaka mitatu. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walilifuata hadi vijijini. Walitega mitego ya bati yenye siagi ya karanga na pumba. Panya aliyenaswa alichanwa manyoya juu ya beseni jeupe ili viroboto, ambao ndio hueneza tauni, waanguke, wahesabiwe, watambuliwe aina. Waliuliza watu wanalala sakafuni au kitandani, na mahindi yanawekwa wapi.

Kazi hii inachosha, na thamani yake haionekani mpaka irudiwe miaka mingi. Huko Morogoro chuo hichohicho kimekuwa kikitega panya wa mashambani mwezi baada ya mwezi tangu miaka ya 1980. Kutokana na hesabu hizo ndipo ilipojulikana kwamba mvua za Novemba na Desemba zikiwa nyingi, mwaka unaofuata panya wanaweza kufurika na kula mbegu ardhini. Mkulima anaweza kuonywa mapema. Aliyeanza kuwahesabu hakuwa na uhakika wowote kwamba angelipata jibu hilo.

Sehemu kubwa ya fedha za kazi ya aina hii imetoka nje, nami nawashukuru waliozitoa. Ila fedha za mradi zina tarehe ya kufungwa. Gari linarudishwa, vijana waliofundishwa kutambua viroboto wanatafuta kazi nyingine, na bakteria wa tauni hasomi mkataba. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine ndipo tunapohitaji kujua amejificha wapi, na hicho ndicho kipindi ambacho hakuna anayetaka kukilipia.

Sheria tunayo. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia ukafuata. Ahadi pia tunayo: Januari 2007 huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimizana kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Takwimu za UNESCO za 2013 ziliiweka Tanzania kwenye takriban nusu ya hiyo.

Sidai asilimia yote ipatikane mwakani. Naomba fungu dogo lisilokatika, la bajeti yetu wenyewe, kwa kazi za kuhesabu na kutunza kumbukumbu: mitego, mafuta ya pikipiki, maabara yenye umeme, na mshahara wa fundi anayejua vijiji vya Lushoto kwa majina. Fungu hilo liwepo hata mwaka ambao tauni haikumuua mtu. Mwaka huo ndio wa kulitumia.