Tochi ya Bei Nafuu Kwenye Baiskeli: Kuona Njia na Kuonekana Usiku

Karibu na ikweta giza haliji kwa kubembeleza. Jua likishatua, muda usiozidi nusu saa hutosha kuifanya barabara isiyo na taa iwe nyeusi kabisa, na hali huwa hivyo mwaka mzima. Katika saa hizo ndipo mlinzi anapoelekea lindoni, muuza maziwa anapowahi wateja wake kabla ya mapambazuko, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaporudi kutoka kaya ya mwisho aliyoitembelea. Wengi wao husafiri kwa baiskeli. Baiskeli za kazi za zamani zilikuwa na dainamo iliyosugua tairi na kuwasha taa. Nyingi zinazouzwa leo hazina taa yoyote, na aliye nayo huwa ameitengeneza mwenyewe kwa tochi ya dukani na kipande cha mpira wa tyubu.

Ufundi huo wa mtaani unastahili kuchukuliwa kwa uzito na watu wa afya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba waendesha baiskeli ni takribani asilimia 6 ya hao. Hiyo ni zaidi ya watu 70,000 kwa mwaka. Tochi inayogharimu bei ya mlo mmoja au miwili ya mtaani inaweza kumwepusha mtu na kuwa mmoja wao, lakini kwa sharti kwamba imefungwa mahali panapofaa na kuelekezwa inavyopasa. Ikifungwa ovyo, humpa mwenyewe matumaini yasiyo na msingi na kumpofusha anayekuja mbele yake.

Taa ya baiskeli ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kumwezesha mwendeshaji kuona, na kumwezesha aonekane. Tuanze na kuona. Retina ya jicho ina seli za aina mbili. Zile zinazotambua rangi na maandishi madogo huhitaji mwanga mwingi. Zile za gizani hutambua maumbo na mwendo kwa mwanga hafifu sana, lakini huchukua takribani nusu saa kufikia uwezo wake wote baada ya mtu kutoka mahali penye mwanga. Seli hizo za gizani hutumia kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Mwanga mkali wa ghafla huivunja rodopsini hiyo, na jicho hulazimika kuanza upya. Ndiyo maana mtu aliyepigwa na taa kali za lori hubaki kwa sekunde kadhaa kama aliyefunikwa kitambaa usoni, huku baiskeli yake ikiendelea kusonga.

Sekunde hizo si chache. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa husafiri zaidi ya mita 4 kwa kila sekunde. Mtu mwenye afya njema huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kutambua shimo na kuanza kushika breki, na kisha baiskeli yenye breki nzuri kwenye njia kavu huhitaji mita nyingine tatu hivi kusimama. Jumla yake inakaribia mita 10. Basi tochi inayoangaza vizuri mita 10 mbele inamtosha mwendeshaji wa mwendo huo, na haimtoshi anayeteremka mlima kwa kilomita 30 kwa saa, wala aliyebeba magunia mawili ya mkaa kwenye keria. Hao hawana budi kupunguza mwendo, hata tochi yao ikiwa kali kiasi gani.

Mahali pa kuifunga ni hoja kubwa kuliko ukali wake. Wapo wanaoishika tochi mkononi pamoja na usukani. Hao wamejinyima breki moja. Wapo wanaoiuma kwa meno, na mtu huyo akianguka kifudifudi, tochi humvunja meno au kumchana kaakaa. Tochi ya kufunga kichwani ina faida ya kugeuka pamoja na macho, na fundi anayeziba pancha usiku huishukuru, lakini njiani ina kasoro isiyojulikana sana. Shimo na jiwe hutambulika usiku kwa kivuli chake. Mwanga unaotoka karibu na jicho huangaza pale pale jicho linapotazama, kwa hiyo kivuli hujificha nyuma ya jiwe lenyewe na barabara huonekana kana kwamba ni bapa. Mwanga unaotoka chini zaidi, kwenye usukani au juu ya gurudumu la mbele, hurefusha vivuli na kulifichua kila shimo. Penye vumbi au ukungu tofauti huongezeka, kwa kuwa mwanga wa kichwani humrudia mwenyewe machoni.

Kufunga kwenyewe hakuhitaji kifaa cha kununua. Ukanda wa tyubu kuukuu wenye upana wa vidole viwili huzungushwa kwa umbo la msalaba, ukipita juu ya tochi na chini ya usukani mara kadhaa, huku kipande cha mpira kikiwekwa katikati ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Kamba nyembamba inayofunga mkia wa tochi kwenye usukani ni ya lazima. Tochi ikichomoka kwenye matuta na kuingia katika spoku za gurudumu la mbele, mwendeshaji hurushwa juu ya usukani, na majeraha ya kichwa, shingo na mifupa ya mabega yatokanayo na kuruka huko yanafahamika vyema katika vyumba vya dharura. Tochi nyepesi ya taa za LED inafaa kuliko ile ndefu ya betri kubwa tatu, ambayo uzito wake wenyewe huifungua.

Baada ya kufunga, kuna kuelekeza. Taa iliyoundwa kwa ajili ya baiskeli hukata mwanga wake upande wa juu, lakini tochi ya kawaida hutoa mduara, na nusu ya juu ya mduara huo huenda machoni mwa watu. Dawa yake ni kuiinamisha. Kipimo rahisi hufanywa ukutani baada ya jua kuzama: baiskeli isimamishwe mita 5 kutoka ukutani, yaani hatua ndefu tano au sita, kisha tochi iinamishwe hadi kitovu cha mwanga kitue kwenye nusu ya kimo cha tochi yenyewe. Kama tochi iko mita moja juu ya ardhi, kitovu kitue kwenye sentimita 50. Hapo mwanga utagusa njia mita 10 mbele. Kwa tochi zile zenye kioo cha kuvuta na kusukuma, mwanga upanuliwe, kwa sababu ukikusanywa hutoa doa dogo kali lenye giza pande zote, na jicho lililozoea doa hilo haliwezi kuona mtoto au mbuzi aliye kando.

Tochi hizo nyingi zina kitufe cha kumetesha mwanga kwa kasi. Kisitumike mbele. Mwanga unaozima na kuwaka humfanya dereva ashindwe kukadiria umbali, humnyima mwendeshaji mwenyewe picha kamili ya njia, na ukimeta kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kuchochea degedege kwa watu wachache wenye kifafa kinachoathiriwa na mwanga.

Kazi ya pili, yaani kuonekana, ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Tochi ya mbele haisemi lolote kwa gari linalotoka nyuma. Gari la kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kwa sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kiasi cha mita 70 kusimama kwenye lami kavu. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliotiwa saini Vienna mwaka 1968 unadai kwamba taa za chini za gari ziangaze njia kwa angalau mita 40. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo hatari yenyewe: mtu wa nguo nyeusi kwenye baiskeli isiyo na alama nyuma anaweza kuonekana wakati ambapo gari haliwezi tena kusimama. Mkataba huohuo unataka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma, na iweze kutoa mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma.

Huko Odense, Denmark, watafiti walifuatilia waendesha baiskeli 3,845 kwa mwaka mmoja kuanzia Novemba 2004. Sehemu yao walipewa taa zinazowaka muda wote wa safari, mchana na usiku. Kiwango cha ajali zenye majeraha kwa waliopewa taa kilikuwa chini kwa asilimia 19. Nchini Australia, watafiti wa Queensland waliwapitisha madereva usiku katika barabara ya majaribio iliyokuwa na waendesha baiskeli. Aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa kwa asilimia 2 tu. Aliyevaa kizibao cha rangi ya kung'aa mchana, asilimia 15. Aliyevaa kizibao cha kuakisi mwanga, asilimia 50. Na aliyeongeza kwenye kizibao hicho mikanda ya kuakisi magotini na vifundoni, asilimia 90. Miguu inayopanda na kushuka humwambia dereva papo hapo kwamba mbele yake yuko binadamu. Kile kizibao cha rangi kali hutegemea miale ya jua. Usiku ni kitambaa tu.

Vipande vya karatasi za kuakisi, kama zile zinazobandikwa kwenye malori, vinaweza kushonwa kwenye ukanda wa kitambaa na kufungwa vifundoni, na kingine chekundu kikabandikwa kwenye madigadi ya nyuma. Vifutwe vumbi kila jioni. Visifunikwe na mzigo, kosa linaloonekana kila siku kwa wabeba mkaa na nyasi. Mwenye mzigo mpana akifunge kiakisi juu ya mzigo wenyewe. Kiakisi, hata hivyo, hujibu mwanga wa mwingine tu, kwa hiyo taa ndogo nyekundu inayowaka yenyewe ni bora zaidi.

Taa hizo ndogo nyekundu zina hatari yake nyumbani. Nyingi hutumia betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, umeme wake huzalisha magadi makali yanayoweza kuunguza nyama kwa kina ndani ya saa 2 tu, hata kama betri hiyo imeshindwa kuwasha taa. Mtoto anayeshukiwa kuimeza asisubiriwe hadi aanze kulia. Apelekwe hospitali yenye eksirei mara moja. Kwa betri za kuchaji za litiamu, tahadhari ni nyingine. Zile za umbo la kidole nene, zinazotumika sana katika tochi, huishia takribani mAh 3,500 hata zikiwa za ubora wa juu. Iliyoandikwa 9,900 imedanganya, na mtengenezaji aliyedanganya kwenye lebo hastahili kuaminiwa kuhusu usalama. Isichajiwe usiku chini ya kitanda.

Kuna wagonjwa ambao tochi haiwasaidii. Mtu anayesema kwamba kila mwezi ananunua tochi kali zaidi na bado haoni njia anahitaji kupimwa macho. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, kutoona gizani huweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini A. Kwa mzee, mtoto wa jicho huutawanya mwanga wa taa za magari hadi kila taa ionekane na miale pembeni, na mboni yake haipanuki gizani kama ya kijana. Mwenye kisukari anaweza kuwa na madhara ya retina. Kijana ambaye uoni wake wa usiku umepungua mwaka hadi mwaka, na ambaye ana ndugu wenye tatizo hilohilo, apelekwe kwa daktari bingwa wa macho.

Katika vituo vya afya, mgonjwa aliyeanguka kwa baiskeli huulizwa kama alikunywa pombe na kama alipoteza fahamu. Maswali mengine mawili yanaweza kuongezwa bila kuchelewesha huduma: ajali ilitokea saa ngapi, na nyuma ya baiskeli kulikuwa na nini?