Nyigu wa Msimu wa Korosho: Tuondoe Madhara Bila Moto

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe wote, wakubwa kwa wadogo, wanaotembea na wanaoruka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika mwambao wa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vinavyoelekea mdomo wa Mto Ruvuma, mwisho wa kiangazi ndio msimu wa korosho. Mabibo huiva, huanguka na kupasuka, na harufu yake tamu huenea hadi uani. Harufu hiyo huwaita nyigu, ambao wengine huwaita dondora. Wapo waliokwisha tundika viota vyao chini ya makuti, kwenye pembe za bati, juu ya mlango wa choo na hata katika baraza la madrasa. Hapo ndipo watoto wanapoumwa, na hapo ndipo baadhi ya wazazi wanapofunga tambara kwenye ncha ya mti, wakalichovya katika mafuta ya taa na kukiendea kiota kwa moto.

Ijumaa hii tumeona ni vyema tulitazame jambo hili kwa macho mawili: jicho la sharia na jicho la usalama wa familia.

Je, inafaa kumuua nyigu?

Imepokewa kwamba Imam Shafii (Allah amrehemu) aliwaambia watu mjini Makka wamuulize walitakalo, naye atawajibu kutoka katika Kitabu cha Allah. Mtu mmoja akamuuliza juu ya aliye katika ihramu akimuua nyigu. Imam alianzia katika aya ya saba ya Sura al-Hashr, inayotuamuru kuyachukua anayotuletea Mtume. Kisha akataja Hadithi inayotuagiza kuwafuata Abubakar na Umar (R.A.) baada ya Mtume, na akamalizia kwa mapokezi kuwa Umar aliamuru nyigu auawe. Basi ikiwa nyigu anauawa hata na aliyehirimia, ambaye amekatazwa kuwinda, hakuna shaka kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kumuondoa anapowadhuru watu wake.

Nyuki hana hukumu hiyo. Katika Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo katika Sunan Abi Daud, Mtume (S.A.W.) amekataza kuuawa viumbe wanne: sisimizi, nyuki, ndege hudihudi na ndege aitwaye surad. Kwa hiyo kundi la nyuki likitua nyumbani, jambo la kwanza si kuliangamiza, bali ni kumwita mfugaji wa nyuki au afisa nyuki wa wilaya alihamishe.

Ruhusa ya kumuua nyigu nayo ina mipaka. Katika Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunafahamishwa kuhusu Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Allah alimlaumu kwa kuuangamiza umma unaomsabihi kwa sababu ya sisimizi mmoja. Nyigu aliye mbali porini, asiyepitiwa na mtu, hajatukosea kitu. Naye ana kazi yake: nyigu wengi huwinda viwavi na wadudu wengine ili kuwalisha watoto wao, na kwa njia hiyo humsaidia mkulima. Wakulima wa Mtwara hawashangai kusikia hayo. Wanawajua majimoto, wale chungu wakali wa mikorosho, ambao watafiti wa kituo cha Naliendele wameonyesha kwamba huilinda mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho. Kiumbe anayetuuma anaweza kuwa ndiye anayetulindia riziki.

Tahadhari juu ya moto

Abdullah bin Masud (R.A.) amesimulia kuwa walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), akaona kijiji cha sisimizi kilichochomwa. Aliuliza ni nani aliyekichoma, kisha akabainisha kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa huo moto. Ameipokea Abu Daud. Wapo wanazuoni walioruhusu moto pale tu njia nyingine inapokosekana kabisa, na sisi leo tunazo njia nyingine.

Tutazame pia hali ya nyumba zetu. Mwisho wa kiangazi makuti yamekauka na upepo wa bahari hautabiriki. Cheche moja inatosha kuteketeza paa, kisha la jirani, na pengine pamoja na magunia ya korosho yanayosubiri kupelekwa ghalani. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara. Itakuwaje tuondoe dhara la nyigu kwa dhara la kuunguza nyumba ya Muislamu mwenzetu?

Njia iliyo salama

Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyomo katika Muslim, tumeamrishwa ihsani katika kila jambo, hata katika kuua. Maana yake ni kuua kwa njia ya haraka isiyo na mateso.

Kwanza tumtambue tunayemwendea. Wale wanaojenga vijumba vya udongo ukutani kwa kawaida huishi mmoja mmoja na hawana ugomvi na watu, basi waachwe. Wenye ukali ni wale wanaoishi kwa makundi katika viota vinavyofanana na karatasi, ambavyo huvitengeneza kwa nyuzi za mti walizozitafuna.

Kiota kikiwa kichanga, chenye nyigu mmoja au wawili, kiondolewe mapema. Kikiwa kikubwa, kazi ifanywe na mtu mzima baada ya sala ya Isha, wakati nyigu wametulia. Avae nguo nene za mikono mirefu, suruali aiingize ndani ya soksi, na afunike kofia na uso kwa kipande cha chandarua. Tochi iwekwe pembeni, isishikwe mkononi, kwani nyigu huufuata mwanga. Maji yaliyokorogwa sabuni nyingi, yakinyunyizwa kwa bomba mpaka kiota kilowe, huwaua kwa kuwazibia pumzi. Asipande ngazi, kwani akishambuliwa anaweza kuanguka. Na aliyewahi kupata madhara makubwa kwa kuumwa asiifanye kazi hii kabisa.

Dawa za kupulizia mikorosho zisitumike ndani ya nyumba. Ni sumu kwa watoto, kwa chakula na kwa maji ya kunywa.

Bora zaidi ni kinga. Mabibo yaliyo karibu na nyumba yaokotwe kila siku na kufukiwa mbali, kabla hayajachacha yakawaita nyigu, na walevi pia. Jaa lifunikwe, na vyombo vyenye masalia ya sukari au samaki visilale nje. Twahara ni nusu ya imani. Na anayeondoa kiota kwenye njia iendayo msikitini au madrasa ameondoa udhia njiani, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelihesabu katika matawi ya imani.

Wapo wanaouliza kuhusu nyigu aliyefia katika ndoo ya maji ya kutawadhia. Wanazuoni wamesema mdudu asiye na damu inayochuruzika akianguka humo hayanajisi maji, maadamu hayakubadilika. Aondolewe, na maji yatumike.

Mtu akiumwa

Watoto wafundishwe kutopiga kiota mawe na kutompunga nyigu kwa mikono. Nyigu akipondwa karibu na kiota, hutoa harufu inayowaita wenzake. Nyuki huacha mwiba wake mwilini, na mwiba huo uondolewe haraka. Nyigu kwa kawaida hauachi, ndiyo maana anaweza kuuma mara nyingi.

Aliyeumwa aondoke mahali hapo, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, aoshwe kwa maji na sabuni, kisha awekewe kitambaa chenye maji baridi. Asipakwe mafuta ya taa wala udongo.

Akianza kushindwa kupumua, akivimba midomo, ulimi au uso, akitokwa na vipele mwili mzima, akitapika au kuzimia, akimbizwe hospitali mara moja. Vilevile aliyeumwa ndani ya kinywa, au mtoto aliyeumwa mara nyingi, asisubirishwe nyumbani. Sindano ya adrenalini huokoa maisha, lakini ikiwahi. Dakika za kungojea uvimbe upungue wenyewe ndizo zinazopoteza roho.

Je, tuache kusoma dua? Hasha. Abu Said al-Khudri (R.A.) amesimulia jinsi mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu alivyosomewa Suratul Fatiha akapona, na Mtume (S.A.W.) akalikubali jambo hilo. Lakini imepokewa pia kutoka kwa Ali (R.A.) kwamba Mtume mwenyewe alipoumwa na nge akiwa katika sala, aliagiza maji na chumvi, akawa anapaosha pale alipoumwa huku akisoma. Mkono mmoja ulishika dawa na ulimi ukashika dua. Basi mzazi amsomee mwanawe Fatiha wakiwa njiani kwenda hospitali, asiifanye Fatiha kuwa sababu ya kutokwenda.

Tunamuomba Allah azilinde familia zetu, aibariki mikorosho yetu, na atujaalie huruma kwa viumbe Wake hata tunapolazimika kuwaondoa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.