Kitanda ni Nusu tu ya Bili

Ugonjwa wa akili haubishi hodi. Kijana halali siku nne mfululizo, anaanza kuongea na watu wasioonekana, kisha usiku mmoja anavunja dirisha na kutokomea kwenye barabara ya Kathonzweni. Kukipambazuka, ukoo mzima umeketi chini ya mwembe huko Unoa. Shangazi anataka aitwe mundu mue, mganga wa kienyeji. Mzee wa kanisa anataka maombi ya siku tatu. Ndugu aliyeko Nairobi anapiga simu kusema ameulizia hospitali moja ya kibinafsi, safi, tulivu, “ni elfu tisa tu kwa siku.”

Kuanzia hapo kikao chote kinaning’inia kwenye hiyo elfu tisa. Nimeitumia kama mfano tu, maana kila hospitali ina bei yake na bei hubadilika. Lakini hesabu inayofuata haibadiliki sana, na ndiyo ambayo watu wengi wa hapa Wote, Makueni, huifanya wakiwa wameshachelewa, mgonjwa akiwa tayari wodini.

Elfu tisa ni kitanda na chakula. Daktari wa akili anapopita asubuhi kumwona mgonjwa, hospitali nyingi humtoza kando. Tuseme 4,000 kwa kila siku anayopita. Dawa, tuseme 1,500 kwa siku. Mazungumzo na mshauri mara tatu kwa wiki, 3,000 kila kikao. Vipimo vya kuingilia ni 15,000, na hivyo usivikatae, kwa sababu malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya zamani au bangi kwenye mkojo vinaweza kufanana kabisa na kichaa, na tiba yake ni tofauti. Sasa jumlisha wiki mbili: kitanda 126,000, daktari 56,000, dawa 21,000, ushauri 18,000, vipimo 15,000. Ni shilingi 236,000. Kitanda, ambacho ndicho pekee kilichotajwa kwenye simu, ni zaidi kidogo ya nusu. Kwa mbuzi wa shilingi 8,000 hao ni mbuzi ishirini na tisa na nusu, na nusu ya mbuzi hakuna anayeinunua.

Daktari akisema aongezwe wiki ya tatu, inaingia 110,500 nyingine. Jambo hilo ni la kawaida. Dawa nyingi za akili huchukua wiki kadhaa kufanya kazi sawasawa, na mtu aliyefika akiwa amechafukwa vibaya hatulii kwa siku tano. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mhasibu wa hospitali si “kitanda ni pesa ngapi?” bali “mgonjwa kama huyu mwezi uliopita alitoka baada ya siku ngapi, na bili yake yote ilikuwa kiasi gani?” Ukijibiwa kwa kuzungushwa, umeshajibiwa. Uliza pia malipo ya awali ni kiasi gani, na kama yakibaki yanarudishwa.

Sasa bima. Tangu Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF ya zamani. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, yaani anayepata 40,000 hutoa 1,100 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na hatoi chini ya 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Watu wa Makueni wana sababu ya kuguna hapo: mpango wa kaunti ulioanza 2016, enzi ya Gavana Kivutha Kibwana, ulikuwa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka mzima. Lakini 500 ile ilikuwa ya hospitali za kaunti, haikufika kwenye geti la hospitali ya kibinafsi Nairobi. SHA inaweza kufika, mradi hospitali hiyo ina mkataba nayo na michango yako haijakatika. Hata hivyo, SHA hulipia kulazwa kwa kiwango chake cha siku, kulingana na ngazi ya hospitali, wala si kwa bei iliyobandikwa ukutani. Pengo linalobaki ni la mfuko wako. Mtu anayedhani kadi ya SHA imemaliza neno atashtuka siku ya kutoka.

Mwenye bima ya kampuni naye asijipige kifua mapema. Fungua karatasi utafute ukomo wa magonjwa ya akili, ambao mara nyingi umefichwa ndani ya ukomo mkubwa wa kulazwa. Mtu ana bima ya milioni moja, lakini akili imetengewa sehemu ndogo tu ya hiyo milioni. Wakikwambia hawalipi kabisa kwa sababu ni ugonjwa wa akili, usikubali na kwenda zako. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyofanyiwa marekebisho 2022, inakataza bima kumbagua mtu kwa ugonjwa huo. Omba kukataliwa kwako kwa maandishi. Maandishi hufanya watu wafikirie mara mbili.

Hospitali ya kibinafsi ni ya nani, basi? Nadhani inafaa pale unaponunua kitu mahususi: faragha kwa mwalimu mkuu ambaye hataki wazazi wa shule wamkute wodini, chumba cha peke yake, daktari yuleyule kila siku, au nafasi leo hii hii wakati kwingine hakuna. Nairobi zipo zinazojulikana kwa kazi hiyo, kama Chiromo Hospital Group, ambayo jina lake haliachani na la Dkt. Frank Njenga, yule aliyeongoza jopo la taifa kuhusu afya ya akili lililotoa ripoti yake mwaka 2020. Ukiwa na uwezo na sababu, nenda. Lakini usiende kwa aibu tu, kwa kuwa jina la Mathari, hospitali ya akili ya umma huko Nairobi, linatisha. Mathari ina historia nzito, ndiyo. Ilianza 1910 kama hifadhi ya vichaa ya wakoloni, na bado watu huitaja kama tusi. Leo ni hospitali ya taifa ya rufaa na ya kufundishia, na ni shule waliyopitia madaktari wengi wa akili hapa Kenya, wakiwamo hao utakaowalipa 4,000 upande wa pili wa mji. Inajaa, kelele zipo, lakini bili yake haikaribii 236,000.

Kabla ya Nairobi kuna Machakos, ambako hospitali ya Level 5 hutibu wagonjwa wa akili, na kabla ya Machakos kuna kliniki ya akili katika hospitali ya rufaa hapa hapa Wote. Mimi ningeanzia Wote, hata kama mwisho wake ni rufaa. Sindano ya kutuliza, vipimo vya kwanza na barua ya daktari vitakupunguzia siku kwenye kitanda cha elfu tisa. Tena mgonjwa anayesafiri akiwa ametulia hahitaji gari la kukodi na vijana wanne wa kumshika. Safari hiyo nayo ina bili ambayo hakuna anayeiandika popote.

Na mundu mue? Simcheki shangazi. Katika Makueni hii hii, Africa Mental Health Foundation ya Profesa David Ndetei iliwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, pamoja na wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini, kuzitambua dalili na kumtuma mgonjwa kliniki. Mganga aliyefunzwa hivyo ni mlango mzuri. Mwingine atataka mbuzi mweusi, kisha mwekundu, kisha arudiwe baada ya mwezi, na kila wiki inayopita ugonjwa unazidi kuota mizizi. Ukipiga hesabu ya mbuzi wote na miezi yote, huyo si wa bei nafuu.

Sasa nifike kwenye gharama inayowaumiza watu wa huku kuliko zote, ambayo huanza siku mgonjwa anaporudi nyumbani. Harambee ilifanyika, kikundi cha WhatsApp kilichanga, bili ikalipwa, kijana akarudi amenenepa na anacheka. Mkononi ana karatasi ya dawa. Dawa hiyo ni ya jina la kampuni, haipo kwenye duka la hospitali ya umma, na duka la dawa mjini linaiagiza kutoka Nairobi. Mwezi wa kwanza inanunuliwa. Mwezi wa pili inanunuliwa nusu. Mwezi wa tatu mvua imekosekana, ndengu hazikutoa kitu, na kijana mwenyewe anasema amepona. Mwezi wa tano anavunja dirisha lingine, na 236,000 ile imeenda na maji.

Kwa hiyo zungumza na daktari kabla hajaandika. Mwambie waziwazi: sisi tunaishi Wote, dawa tutachukua hospitali ya kaunti, tupatie inayopatikana huko. Risperidone, haloperidol, chlorpromazine na sindano ya fluphenazine inayochomwa kila baada ya wiki chache ni dawa za siku nyingi, na bei yake ni ya chini kuliko sindano mpya za kampuni. Zile za zamani huweza kumkakamaza mtu na kumtetemesha, na kwa mgonjwa fulani daktari atakuwa na sababu nzuri ya kukataa, msikilize. Lakini msibadilishe dawa wenyewe kamwe baada ya kufika nyumbani. Kama familia ina laki mbili na nusu, ningetumia laki moja hospitalini na kuiweka iliyobaki kwa dawa na nauli za kliniki za mwaka mzima.

Pesa zikikwisha kabla ya bili, hospitali haina haki ya kumgeuza mgonjwa wenu rehani. Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2015 katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani. Deni linabaki deni, mtaandikiana namna ya kulipa kidogo kidogo, lakini mtu aruhusiwe atoke. Na akitoka, msipande matatu kabla ya kupewa muhtasari wa matibabu, wenye jina la ugonjwa, dawa zote na vipimo vyake, na tarehe ya kuonwa tena. Kliniki ya Wote itaudai siku ya kwanza, na kuurudia Nairobi ni nauli ya watu wawili.