KASUMBA YA ITIKADI KALI: TUZIBE UFA MAPEMA

Ndugu msomaji, itikadi kali ni nini? Ni hali ya mtu kushikilia fikira moja, iwe ya dini, siasa au kabila, hadi akamwona kila asiyeikubali kuwa adui wa kuangamizwa. Kushika dini barabara si kosa. Kosa ni kuhalalisha damu ya mwenzako.

Wengi hudhani wanaonaswa ni wale wasiosoma. La hasha! Miongoni mwa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148, alikuwamo kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake, chifu kule Mandera, alikuwa amekwisha kupiga ripoti kwamba mwanawe ametoweka. Wala hili si la dini moja. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Inadaiwa kwamba waumini hao walihubiriwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu.

Mtu hunaswaje basi? Mnasaji haanzi na bunduki, huanza na tabasamu. Humtafuta mwenye kidonda: aliyefiwa, asiye na kazi, aliyeonewa, au mpweke asiye na wa kuongea naye. Humpa sikio, humpa nauli, humwahidi kazi ya mshahara mnono. Akishamzoea, humwambia eti hao wengine hawampendi. Hapo kamba hukazwa: aache marafiki, afiche mambo nyumbani, asiulize maswali. Siku hizi mengi ya haya hupitia kwenye simu usiku, wazazi wakiwa wamelala chumba cha pili!

Tufanye nini? Kwanza, tusimwache mwenzetu na upweke wake. Akibadilika ghafla, tumkaribie, tumsikilize. Pili, tuulize maswali. Mafundisho yanayoogopa maswali yana walakini. Tatu, tumweleze mapema mtu mzima tunayemwamini: mzazi, mwalimu mshauri, imamu, kasisi au chifu. Hiyo si fitina, ni kuokoa roho. Lakini jamani, tusimshuku mtu kwa kanzu, buibui au jina lake tu. Tukimtenga, tunamsukumia mikononi mwa wale wale wanaomngoja.

Umoja una nguvu kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, magaidi walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa kata kata, wengine wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Magaidi walitaka abiria wagawanyike, wakakosa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni yule mwenzako anayekaa peke yake pale bwenini. Je, umemjulia hali leo?