Udongo Haufuati Kalenda ya Mkataba

Kaskazini mwa milima ya Brooks, jimboni Alaska, kuna kituo cha utafiti cha Toolik kinachoendeshwa na Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks. Karibu na kituo hicho kuna vitalu ambavyo tangu mwaka 1981 vimekuwa vikitiwa mbolea kila mwaka, gramu 10 za naitrojeni na gramu 5 za fosforasi kwa kila mita ya mraba. Walioanzisha jaribio walitaka kujua hali itakuwaje ardhi ya huko ikipata virutubisho vingi, kama inavyotarajiwa joto linapopanda na masalia ya mimea kuoza kwa kasi zaidi. Je, mimea ikishiba itavuta kaboni kutoka hewani na kuihifadhi ardhini? Mtu aliyetazama juu ya ardhi peke yake angejibu ndiyo bila kusita, maana vichaka vifupi vya Betula nana vilistawi hadi vikazisonga nyasi zilizokuwa zimetawala pale. Baada ya miaka 20 watafiti walichimba na kupima udongo tabaka kwa tabaka. Uzalishaji wa mimea ulikuwa umeongezeka maradufu, lakini kila mita ya mraba ilikuwa imepoteza karibu gramu 2,000 za kaboni, na upotevu mkubwa ulikuwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Nature, na hadi leo ni vigumu kuzungumzia kaboni ya kaskazini bila kuyagusa.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanaonyesha kasoro iliyomo katika namna nafasi za utafiti wa kaskazini zinavyotolewa kwa vijana. Ukweli unaotafutwa huko hukomaa kwa miongo. Wanaoutafuta, wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na watafiti waliohitimu uzamivu karibuni, huajiriwa kwa misimu. Na kazi yenyewe haina njia ya mkato. Mwezi wa Julai mtu huishika fimbo nyembamba ya chuma, akaididimiza ardhini mpaka igonge barafu, akasoma sentimita, akasogea hatua chache na kurudia. Kisha hukatwa kipande cha mraba cha uoto na kupelekwa maabara, ambako watu huketi siku nzima wakichambua jani, shina na mzizi, kila aina na rundo lake, kabla ya kukausha na kupima uzito. Mikono inayofanya hayo kwa sehemu kubwa ni ya vijana. Mwenye mkataba wa miaka miwili hupata majira mawili mafupi ya kiangazi, na la kwanza huishia katika kujifunza. Mkataba ukikatika, ujuzi wa kuitambua mizizi kwa macho na vidole huondoka naye.

Kilimo cha kaskazini kinaidhihirisha hoja hii vizuri zaidi. Siku hizi husemwa kwamba joto likipanda, nchi za baridi zitakuwa ghala jipya la nafaka. Pengine. Lakini karibu na Fairbanks, mashamba yaliyofyekwa mwanzoni mwa karne ya 20 yalianza baadaye kutitia na kujaa mashimo na vichuguu, kwa kuwa msitu ulipoondolewa jua liliifikia ardhi na barafu iliyozikwa ikayeyuka. Mwanajiolojia Troy Péwé alilieleza jambo hilo kwa kina mwaka 1954. Mkulima aliyevuna vizuri misimu ya mwanzo hakuwa na dalili yoyote ya kumtisha. Sweden nako, huko Röbäcksdalen mjini Umeå, majaribio ya mzunguko wa mazao na malisho yaliyoanza miaka ya 1950 yameonyesha kwamba shamba linaloachwa katika malisho kwa miaka mingi hutunza kaboni vizuri kuliko lile linalolimwa mara kwa mara. Hakuna mradi wa miaka mitatu ambao ungeliona hilo kwa uhakika.

Watetezi wa mikataba mifupi husema fedha ni za umma, hivyo lazima zionyeshe matunda mapema, na kwamba vijana wakizungushwa, wengi zaidi hupata nafasi. Hoja ya pili ina uzito. Hata hivyo, gharama kubwa ya utafiti wa huko ni kufika na kuishi. Mtu mmoja wa miaka minne hagharimu safari zaidi ya wawili wa miaka miwili miwili, naye huacha kumbukumbu isiyokatika. Wanaotaka kuwafungulia wengi mlango waongeze nafasi za majira ya kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, halafu wawape waliobobea muda wa kutosha.

Msomaji wa Nairobi au Morogoro ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Ardhi iliyoganda ya kaskazini ina takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, karibu mara mbili ya iliyomo hewani, na hewa ni moja. Lakini jibu linalonishawishi zaidi liko Kabete, pembezoni mwa Nairobi, ambako jaribio la mahindi na maharage linaendelea tangu mwaka 1976. Huko pia ilibidi miaka mingi ipite ndipo ibainike kwamba kaboni ya udongo hupungua hata shamba likitiwa mbolea na samadi, ingawa kwa kasi ndogo kuliko lisilotiwa kitu. Swali la Kabete na la Toolik ni ndugu. Kijana anayejua kulitunza jaribio la miaka 40 kwenye barafu anajua kulitunza kwenye udongo mwekundu, na nchi zetu zina upungufu mkubwa wa watu wa namna hiyo.

Wapo wanaohofu kwamba akienda hatarudi. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni vyuo vyetu kuwa na vitalu vya kudumu vya kumrudisha, vyenye bajeti na mhifadhi wa takwimu. Kwa anayetafuta nafasi, milango haifanani. Programu za kiangazi za shahada ya kwanza zinazofadhiliwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani huwapokea raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Sweden, kwa upande mwingine, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, halipi ada, awe ametoka Umeå au Kisumu. Kabla ya kutia saini, aulize jaribio limeanza mwaka gani, takwimu za nyuma ataruhusiwa kuzitumia au la, na nani atalishika jaribio mkataba wake utakapokwisha.